Kilomita za ziada kwa gari la stima: Zalipa au zala mtaji?

MFANYABIASHARA anayepeleka mayai, maziwa au mboga mjini kila alfajiri hahitaji kuambiwa kwamba petroli ni ghali. Mwaka 2025 lita moja iliuzwa Nairobi kati ya Sh174 na Sh187 kwa bei zilizotangazwa na EPRA. Mwenye Toyota Probox inayokwenda kilomita 13 kwa lita alikuwa akichoma karibu Sh14 kwa kila kilomita, kabla hajabadilisha oili wala kununua plagi. Ndiyo maana magari ya stima yaliyotumika Japani, hasa Nissan Leaf, yameanza kuulizwa bei na watu ambao miaka michache iliyopita wangeyapita tu barabarani.

Swali la kwanza la mnunuzi huwa ni hili: linaenda kilomita ngapi kabla ya kuchajiwa tena? La pili, ambalo ndilo hugusa mfuko, huja pale muuzaji anapomwonyesha magari mawili yanayofanana umbo na rangi, moja likiwa ghali kuliko lenzake kwa mamia ya maelfu ya shilingi kwa sababu betri yake ni kubwa zaidi. Je, fedha hizo za ziada zitarudi?

Muuzaji hawezi kujibu swali hilo, na akijaribu ana sababu zake. Jibu limo katika daftari la safari za mnunuzi mwenyewe, katika soketi ya nyumbani kwake, na katika afya ya betri anayouziwa.

Kwanza, betri zenyewe. Ukubwa wake hupimwa kwa uniti zile zile ambazo Mkenya hununua kwa tokeni za Kenya Power. Leaf ya kwanza ilianza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya uniti 24. Baadaye ikaja ya uniti 30, kisha mwaka 2017 Japani ikatoa Leaf ya umbo jipya yenye uniti 40, na Januari 2019 ikafuata iitwayo e+ yenye uniti 62. Yapo pia magari ya mizigo ya e-NV200, yaliyoanza kuuzwa 2014 kwa betri ya uniti 24, ambayo yanamfaa zaidi mwenye kreti nyingi, lakini hesabu yake haitofautiani sana na hii.

Karatasi za Japani husifu magari haya kupita kiasi. Leaf ya uniti 40 ilipotoka iliandikwa kuwa inakwenda kilomita 400 kwa chaji moja, kwa kipimo kilichoitwa JC08. Gari hilo hilo lilipopimwa kwa utaratibu wa shirika la mazingira la Marekani lilipewa kilomita 243. Kwa utaratibu huo wa Marekani, ile ya uniti 24 ya miaka ya mwisho ilipata kilomita 135, ya uniti 30 ikapata 172, na e+ ikapata 363. Anayenunua gari la kazi afuate hesabu ya Marekani. Ya Japani imfae kama pambo.

Na hata hizo za Marekani ni za gari jipya.

Betri huchakaa. Dashibodi ya Leaf ina vipau vidogo 12 pembeni mwa kipimo cha chaji, ambavyo havionyeshi chaji iliyobaki bali uwezo wa betri uliobaki. Kipau cha kwanza hupotea betri ikishapoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata ni kama asilimia sita zaidi. Hivyo gari lenye vipau tisa halijapoteza robo tu kama wengi wanavyodhani. Limebaki na takriban asilimia 70. Leaf ya uniti 24 yenye vipau tisa, iliyokwenda kilomita 135 ikiwa mpya, sasa itakwenda kama 95, na hapo dereva awe mpole wa mguu.

Joto ndilo adui mkubwa. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji kama injini au kama betri za magari mengine mengi ya stima. Hupoa kwa hewa inayoizunguka basi. Mwaka 2012 wenye Leaf katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako kiangazi ni kikali, walilalamika kwamba vipau vinapotea mapema mno, na jambo hilo likaishia mahakamani. Kwa mantiki hiyo gari litakalolala Limuru lina bahati kuliko litakaloegeshwa juani Mombasa au Garissa, na mnunuzi wa Pwani ana sababu zaidi ya kutaka betri kubwa kidogo kuliko safari zake.

Mlima nao hula chaji. Kutoka Naivasha, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, barabara ya kurudi Nairobi hupanda mamia ya mita kabla ya kuanza kushuka tena. Gari la tani moja na nusu, likiwa na dereva na mzigo wa jumla ya kilo 400, huhitaji kama uniti nne kupanda mita 700, mbali na zile za kusukuma magurudumu. Hizo ni sawa na kilomita 25 za barabara tambarare. Wakati wa kushuka, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya stima kwenye betri, lakini si yote. Mfanyabiashara wa nyanda za juu aweke akiba hiyo, na aongeze kilomita 20 nyingine za kutoguswa, kwa sababu kusukuma gari la stima lililozimika na trei 100 za mayai si kazi ya watu wawili.

Soketi kabla ya betri

Jambo ambalo halizungumzwi katika yadi za magari ni soketi. Nyumba nyingi za vijijini na mitaani zina soketi ya kawaida ya ukutani, na gari likichajiwa hapo kwa usalama huvuta kama kilowati 2.4. Kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa 10, yaani uniti 24 kwenye mita. Sehemu yake hupotea kama joto njiani, na kinachobaki hutosha takriban kilomita 130.

Kwa hivyo anayechaji nyumbani kwa soketi ya kawaida hawezi kutumia zaidi ya kilomita 130 kwa siku, siku baada ya siku, hata akinunua betri kubwa kama tangi la maji. Betri ya uniti 62 ikiwa tupu huhitaji saa 30 hivi kujaa katika soketi hiyo, yaani usiku mitatu. Kilomita za ziada alizolipia ni ghala: humfaa mara moja moja anapokwenda mbali baada ya siku kadhaa za kujaza, au pale stima inapopotea usiku kucha na ni lazima maziwa yafike sokoni asubuhi. Anayeishi mahali ambapo stima hupotea mara mbili kwa wiki asidharau faida hiyo ya pili. Betri inayobeba safari za siku mbili humwepusha na kuita pikapu ya jirani kila transfoma inapolipuka.

Anayetaka kujaza haraka zaidi atalazimika kufunga chaja ya ukutani yenye waya na swichi zake, na akague kama gari lenyewe linaweza kupokea. Leaf nyingi za soko la Japani hupokea kilowati 3 pekee. Zinazopokea 6 zilikuwa za kuagizwa kwa nyongeza. Kuna watakaolipia chaja kubwa, kisha wagundue kwamba kinachobana ni gari.

Hesabu ya mwenye mayai

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mayai anayeishi Kikuyu. Husambaza dukani na hotelini Nairobi siku 300 kwa mwaka, kilomita 80 kila siku. Mara mbili kwa mwezi huenda Naivasha kuchukua mayai ya ziada, kama kilomita 150 kwenda na kurudi. Nambari za bei zinazofuata ni za mfano tu, kwa sababu bei ya magari hubadilika kila meli inapotia nanga. Kila mtu aweke zake.

Gari la stima la aina hii huvuta kama uniti 18.6 kutoka ukutani kwa kilomita 100. Uniti ikimgharimu Sh28 pamoja na kodi, ni Sh5 kwa kilomita. Ukilinganisha na Sh14 za Probox, anaokoa Sh9. Kwa kilomita 24,000 za usambazaji kwa mwaka, hiyo ni Sh216,000.

Fedha hizo zote, hadi senti ya mwisho, zinapatikana kwa betri ndogo sawasawa na kwa betri kubwa, mradi tu itoshe safari ya kila siku. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa. Muuzaji husifu akiba ya petroli ili kuuza betri kubwa, ilhali akiba hiyo haitokani na ukubwa wa betri. Betri kubwa ijilipie yenyewe, kwa safari zile tu ambazo ndogo haiwezi.

Sasa magari matatu. Leaf ya uniti 30 iliyobaki na asilimia 80 ya uwezo itakwenda kilomita 137. Ya uniti 40 iliyobaki na asilimia 88 itakwenda 214. Na e+ yenye asilimia 90 itakwenda 327.

Safari ya Naivasha, ukijumlisha kilomita 150, akiba ya mlima 25 na akiba ya dharura 20, inadai 195. Ya uniti 30 imeshindwa. Akiwa nayo, mfanyabiashara atakodi Probox mara 24 kwa mwaka. Tuseme kukodi ni Sh4,500 kwa siku bila petroli, na petroli yenyewe ni ghali kuliko stima kwa Sh1,350 katika safari hiyo. Kila safari ya Naivasha inampotezea Sh5,850, na kwa mwaka ni Sh140,400.

Ikiwa Leaf ya uniti 40 inauzwa Sh400,000 zaidi na amekopa kutoka chama cha akiba na mikopo kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, mwaka wa kwanza riba ya nyongeza hiyo ni Sh48,000. Ongeza uchakavu, tuseme sehemu ya kumi ya fedha hizo, Sh40,000. Gharama ni Sh88,000 dhidi ya Sh140,400. Kwake yeye betri ya uniti 40 inalipa, na ingelipa hata kama angekwenda Naivasha mara 16 tu kwa mwaka. Chini ya hapo, bora akodi.

Muuzaji akishaona mteja amekubali, humvuta hatua nyingine: "Mzee, ongeza kidogo tu uchukue e+, utafika hadi Nakuru na kurudi." Kusema kweli atafika, lakini kwa kubahatisha. Nakuru kutoka Kikuyu ni kama kilomita 140, kwa hivyo kwenda na kurudi pamoja na akiba zile zile ni 325, na gari lina 327. Mwaka mmoja wa uchakavu utaifuta tofauti hiyo.

Tuseme hata hivyo linafika, na nyongeza ni Sh700,000. Riba ya mwaka wa kwanza ni Sh84,000 na uchakavu Sh70,000, jumla Sh154,000. Kila safari ya Nakuru humwokolea Sh7,020 za kukodi na petroli. Itambidi aende mara 22 kwa mwaka ili zitoshane. Mwenye soko la kila wiki Nakuru anunue. Anayekwenda mara moja kwa mwezi kumwona mteja na kumsalimia shangazi atakuwa ameacha Sh70,000 barabarani kila mwaka. Na anayeota safari ya Nyeri, kilomita 160 kila upande, hata e+ hii haimfikishi na kumrudisha bila kuchaji njiani. Betri inayozidi mahitaji ya Naivasha lakini inapungukiwa kwa Nyeri haina thamani yoyote kwa safari ya Nyeri.

Kuchaji njiani nako kuna masharti. Leaf hutumia plagi ya Kijapani ya CHAdeMO kwa chaji ya haraka, na magari mapya ya Ulaya na China hutumia plagi nyingine. Kituo kikiwepo, mnunuzi aulize kwanza kama plagi hiyo ipo na kama inafanya kazi. Chaji ya haraka huijaza Leaf ya uniti 40 hadi asilimia 80 kwa kama dakika 40. Hata hivyo, ukirudia mara ya pili siku hiyo hiyo betri ikiwa moto, gari hupunguza kasi ya kupokea ili kujilinda. Wenye magari hayo Ulaya walilalamikia jambo hilo sana mwaka 2018.

Nairobi imewahi kuona njia nyingine. Nopea Ride ilianza teksi za Nissan Leaf mwaka 2018, ikategemea vituo vyake vya kuchajia mjini badala ya betri kubwa, hadi ilipofunga shughuli mwaka 2022 baada ya kampuni mama ya Ufini kuishiwa fedha. Kwa teksi inayozunguka mji mmoja mpango ule ulikuwa na maana. Kwa mwenye mayai anayetoka mashambani, kituo cha Westlands hakimsaidii akiwa Kinungi.

Miaka iliyobaki

Kuna hoja moja ya kulipa zaidi ambayo ina nguvu kuliko zote, na haihusu safari ndefu hata kidogo. Ni miaka.

Betri huchakaa kwa umri na joto, lakini pia kwa kila mara inapojazwa na kumalizwa. Kilomita 24,000 kwa mwaka katika betri inayokwenda 120 ni sawa na kuijaza na kuimaliza mara 200. Katika inayokwenda 240 ni mara 100. Betri ndogo hufanya kazi maradufu kwa mzigo ule ule.

Isitoshe, kubwa ina nafasi ya kupoteza. Mwenye mayai wetu anahitaji kilomita 100 kwa siku pamoja na akiba. Ikiwa betri hupoteza asilimia tatu ya uwezo wake wa awali kila mwaka, ile ya uniti 30 iliyo na kilomita 137 leo itamtosha miaka saba hivi. Si mbaya kwa gari lililotumika. Lakini jirani yake anayekwenda kilomita 120 kila siku, na hivyo kuhitaji 140, hawezi hata kuanza nayo. Ile ya uniti 40 itampa kama miaka 10. Na yule aliyenunua ya uniti 24 yenye vipau tisa kwa sababu ilikuwa rahisi amenunua gari ambalo tayari halimfikishi.

Kwa anayeagiza kutoka nje, sheria imeshapunguza uchaguzi. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na kwa mwaka 2026 maana yake ni magari ya 2019 na baadaye. Leaf za uniti 24 na 30 haziwezi tena kuingia. Zinazouzwa ni zile zilizokwisha kuwa nchini. Magari yanayotumia stima pekee yalipunguziwa ushuru wa bidhaa kutoka asilimia 20 hadi 10 kwa Sheria ya Fedha ya 2019. Hata hivyo, KRA hukokotoa ushuru kwa bei iliyo katika orodha yake, ikitoa uchakavu wa miaka, wala si kwa risiti ya mnunuzi. Kwa kuwa ushuru ni asilimia, tofauti ya bei kati ya betri mbili hufika Mombasa ikiwa imenenepa.

Tena, asiyekuwa na haraka akumbuke mwelekeo wa bei. Kwa hesabu za BloombergNEF, uniti moja ya betri iligharimu zaidi ya dola 1,000 mwaka 2010, na mwaka 2024 ikawa wastani wa dola 115. Kilomita za ziada zinazouzwa ghali leo zitakuwa za kawaida katika magari yatakayoingia miaka mitano ijayo, na uchakavu uliokadiriwa hapo juu kuwa sehemu ya kumi huenda ukawa mkubwa zaidi kwa e+ kuliko kwa ndogo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi asitegemee vipau peke yake. Kuna wauzaji wanaoirudisha kompyuta ya betri mwanzo ili vipau 12 vionekane, kisha baada ya wiki chache vinaanza kuanguka. Programu ya simu iitwayo LeafSpy, pamoja na kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, husoma afya ya betri kwa asilimia na huonyesha kama kuna seli iliyo dhaifu kuliko nyingine. Kipimo kizuri zaidi ni barabara: gari lichajiwe hadi lijae, lipakiwe uzito wa kawaida, liendeshwe kilomita 50 katika njia ambayo mnunuzi huitumia, na chaji iliyotumika iandikwe. Muuzaji anayekataa hilo amekwisha kujibu.

Nyumbani, fundi wa stima mwenye leseni akague soketi na waya wa kutuliza stima ardhini kabla gari halijafika, kwa sababu soketi iliyozoea pasi dakika 20 si sawa na soketi inayovutwa saa 10 kila usiku, na ekstensheni ya dukani isitumike kabisa. Ada maalumu ya magari ya stima ambayo EPRA iliidhinisha mwaka 2023 ilikuwa Sh16 kwa uniti, na Sh8 saa ambazo matumizi ni ya chini, kabla ya kodi na ada nyingine. Kwa anayechaji uniti 15 kila usiku, kuomba mita ya aina hiyo kunaweza kumwachia fedha nyingi kuliko atakazopata kwa kubishania bei ya betri.